Mfano wa kitu, hadithi, igizo au kazi ya mikono: ipi inafaa kwa mahubiri ya watoto?

Anayepangiwa neno la watoto Jumapili ijayo huanza karibu kila mara na swali lile lile: "Nibebe nini?" Swali hilo limeshaamua mambo mawili kabla Biblia haijafunguliwa. Limeamua kwamba lazima kiwepo kitu cha kunyanyua mbele ya watoto, iwe tochi, sumaku, kioo au glasi ya maji, na kwamba kitu hicho ndicho kitakachobeba fundisho. Wakati mwingine ni sawa. Lakini pale ambapo wengi waliokaa mbele ni wa miaka 3 hadi 7, mara nyingi kitu hukumbukwa na neno husahaulika.

Njia ambazo waalimu wa watoto huchagua kati yake ni nne. Mfano wa kitu ni pale mwalimu anapotumia kifaa kueleza jambo la imani. Hadithi ni andiko linalosimuliwa kwa mdomo, bila kusomwa kutoka kwenye karatasi. Igizo ni pale watoto wenyewe wanapolicheza andiko, au kusanyiko zima linaposhiriki kwa sauti na mikono. Kazi ya mikono ni kila kinachofanywa kwa karatasi, uzi, gundi na kalamu za rangi, ama darasani ama kwenye viti wakati mahubiri ya wakubwa yanaendelea. Tuseme mapema tunaegemea wapi: kama huna uhakika, simulia hadithi. Sababu zinafuata.

| | Mfano wa kitu | Hadithi | Igizo | Kazi ya mikono |
|---|---|---|---|---|
| Umri unaofaa zaidi | Miaka 8 na kuendelea | Miaka 3 na kuendelea | Miaka 5 hadi 11 | Miaka 3 hadi 10, kazi ikipimwa |
| Muda | Dakika 3 hadi 5 | Dakika 5 hadi 7 | Dakika 6 hadi 10 | Dakika 15 hadi 25 |
| Maandalizi | Saa 1 | Saa 2 hadi 3, nyingi za kukariri | Saa 2 pamoja na zoezi moja | Saa 2 hadi 4 za kukata na kupanga |
| Watu wazima | 1 na msaidizi | 1 na msaidizi | 3 | 1 kwa kila watoto 6 hadi 8 |
| Kinachoharibika | Mtoto anabaki na kifaa, si neno | Msimulizi anaongeza mafundisho mwishoni | Watoto hawajui kusimama | Kazi inakuwa ya mwalimu |

Mfano wa kitu: unapendwa kuliko zote, na ndio unaokosewa zaidi

Mfano wa kitu unamtaka msikilizaji aruke mara mbili. Kwanza atoke kwenye kifaa aende kwenye sifa yake: tochi hii haiwaki kwa sababu haina betri. Kisha atoke kwenye sifa aende kwenye jambo la rohoni: mtu asiye na Roho Mtakatifu hawezi kung'aa. Mtu mzima anaruka mara zote mbili bila kujua kwamba ameruka. Mtoto wa miaka 5 haruki. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, aliona kwamba mtoto wa miaka kama 7 hadi 11 anafikiri vizuri juu ya vitu anavyoviona na kuvishika, na kwamba kufikiri juu ya mambo yasiyoshikika huanza kukomaa kwenye miaka 11 au 12. Umri hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, lakini mpangilio huo unatosha kumwonya mwalimu. Mwambie mtoto mdogo kwamba moyo wake ni kama tochi, naye ataenda nyumbani akijua kwamba tochi inahitaji betri. Au atauliza betri yake imewekwa wapi tumboni. Ni swali la haki kabisa. Amesikiliza vizuri, ila aliyepanga somo ndiye hakumfikiria.

Je, tuache vifaa? Hapana. Ipo tofauti moja inayookoa njia hii, nayo ni kitu kilichomo ndani ya andiko lenyewe dhidi ya kitu kilicholetwa kufananisha. Mbegu katika mfano wa mpanzi, taa ya yule mwanamke anayetafuta sarafu yake katika Luka 15, udongo wa mfinyanzi katika Yeremia 18: hivi havimtaki mtoto aruke popote. Anashika kile kile kinachotajwa. Mtoto wa miaka 4 akishika mbegu huku anasikia kwamba mpanzi alitoka kwenda kupanda, yuko ndani ya habari, hayuko kwenye kitendawili.

Mfano mzuri kuliko yote tunaoujua uko katika Yoshua 4. Mawe 12 yanatolewa katikati ya Yordani, na sababu inasemwa wazi: watoto wenu watakapouliza maana ya mawe haya, mwajibu. Biblia yenyewe imepanga mahubiri ya watoto pale. Kuliandaa somo hilo, tafuta mawe 12 bapa, kila moja likubwa kidogo kuliko ngumi ya mtoto, yaoshe siku moja kabla ili yasiache vumbi kwenye nguo. Yaweke nyuma kabisa ya kanisa. Tandika kitambaa kinene mbele, kwa sababu jiwe likianguka kwenye sakafu tupu kishindo chake hukata kila kitu ulichokuwa unasema. Watoto 12 wakubwa wanaleta jiwe mmoja mmoja kupitia njia ya katikati, na waliobaki wanahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Usijenge mnara. Mnara huanguka kwenye jiwe la sita, na vidole huwa chini yake. Lundika tu. Yakifika 12, uliza swali lile lile la andiko: "Mawe haya maana yake ni nini?" Ukae kimya. Wakijibu "ni ya kukumbuka," umemaliza.

Sasa linganisha na somo la pilipili manga na sabuni, ambalo huzunguka sana miongoni mwa waalimu. Unajaza sahani maji, unanyunyiza pilipili manga iliyosagwa, unachovya kidole chenye sabuni ya maji, na pilipili inakimbilia ukingoni kwa sababu sabuni imevunja mvutano wa uso wa maji. Kisha unasema: ndivyo dhambi inavyokimbia. Kiufundi lina mitego. Sahani ikiwa na mabaki ya sabuni, pilipili haitulii tangu mwanzo. Jaribio linafanya kazi mara moja tu kwa maji yale yale, kwa hiyo mtoto akiomba urudie, huna. Na sahani bapa iliyowekwa mezani haionekani na mtu yeyote kuanzia safu ya pili. Lakini tatizo kubwa ni lingine. Mtoto ameona ajabu ndogo ya kimaumbile, na sasa anaamini kwamba ukishika kitu sahihi, dhambi hutoroka yenyewe. Huo si msamaha. Tunalipeleka somo hili kwenye darasa la watoto wa miaka 9 na kuendelea, ambako wanaweza kuuliza na kubishana, na hatulileti mbele ya ibada. Lile la iodini inayosafishwa kwa dawa ya kuondolea madoa halifai popote: ni kemikali inayochoma macho, imewekwa kwenye glasi inayofanana na ya kunywea, karibu na watoto.

Kuna kipimo kimoja tunachokiamini. Andika sentensi ya mwisho ya somo lako bila neno "kama" wala "mfano wa". "Mungu anamtafuta aliyepotea" inasimama. "Sisi ni kama sumaku" haisimami. Ikiwa sentensi inaanguka ukiondoa "kama", somo zima limejengwa juu ya kifaa, nalo linawafaa wakubwa zaidi ya watoto.

Hadithi: kazi iko kwenye kuikariri

Kusimulia kunaonekana rahisi kwa sababu hakuna cha kununua. Ndiyo sababu kunaharibiwa: mtu anaamka Jumapili, anapitia sura mara moja, anasimama mbele na kuanza kueleza habari badala ya kuisimulia. "Samweli alikuwa mtumishi aliyekuwa mtiifu kwa Eli..." Hapo umeshawapoteza, maana hakuna kinachotendeka.

Chukua 1 Samweli 3, mstari wa 1 hadi 10. Soma kwa sauti mara tatu kwa siku tatu tofauti. Siku ya kwanza, sikiliza tu. Siku ya pili, igawe katika picha: usiku na taa ya Mungu haijazimika, mwito wa kwanza, mwito wa pili, mwito wa tatu na Eli anaelewa, mwito wa nne na Samweli anajibu. Ni picha tano. Zaidi ya sita zitakuchanganya wewe mwenyewe. Siku ya tatu, funga Biblia na uisimulie ukutani. Kariri neno kwa neno mambo matatu tu: sentensi ya kwanza, kibwagizo, na sentensi ya mwisho. Yaliyo katikati yaache yaje kwa maneno yako.

Kibwagizo ndicho kinachomshika mtoto wa miaka 3. Hapa kimeshatengenezwa na andiko: "Mimi hapa, umeniita." Eli anajibu, "Sikukuita, kalale tena." Unasema mara ya kwanza peke yako. Mara ya pili watoto wataanza wenyewe kabla hujawaomba. Mara ya tatu kanisa zima linasema. Kwa mwito wa nne, badilisha kila kitu: shusha sauti, usitembee, na jibu liwe jipya: "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Watoto waliozoea kibwagizo watashtuka kwamba kimebadilika, na mshtuko huo ndio fundisho. Hakuna haja ya kuongeza kwamba "kwa hiyo watoto nanyi muwe watiifu kwa wazazi." Habari hii haisemi hivyo.

Kuna jambo la kuamua kabla. Ujumbe ambao Mungu alimpa Samweli usiku ule ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Ukiishia mstari wa 10, umesimama mahali panapofaa kwa wadogo. Lakini usijaze pengo kwa kusema Mungu alimwambia mambo mazuri. Mtoto huyo atasoma sura hiyo akiwa na miaka 12 na atajua kwamba mwalimu wake alibuni.

Kwa muda: dakika 5 za kusimulia polepole, pamoja na vibwagizo na vipindi vya kimya, hubeba maneno 350 hadi 400. Andika, uhesabu. Ukiwa na maneno 700, utakimbia, na mtu anayekimbia hawezi kunyamaza pale hadithi inapotaka kimya.

Maswali baada ya hadithi yana aina mbili, na aina utakayochagua inabadilisha kila kitu. Aina ya kwanza hupima kumbukumbu: "Samweli aliitwa mara ngapi?" Yanafaa kwa sekunde 20 ili kuamsha waliozubaa. Aina ya pili hayana jibu moja: "Unadhani Samweli aliwaza nini alipolala tena mara ya tatu?" "Ni sehemu gani ya hadithi unayoipenda kuliko zote?" Walimu waliofuata njia ya Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi, walioanza kazi yao na watoto Roma mwaka 1954 wakitumia misingi ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni njia ya kuwafundisha watoto kwa vifaa vya kushika, walionyesha jinsi mtoto mdogo anavyoweza kukaa na andiko kwa uzito mkubwa akipewa vifaa rahisi, kimya na nafasi ya kutafakari. Jerome Berryman aliiendeleza njia hiyo Marekani kwa kuweka maswali ya kutafakari baada ya kila hadithi. Maswali ya namna hiyo yanahitaji duara la watoto 8 hadi 15 na mtu mzima asiyeharakisha. Mbele ya kanisa lililojaa hayafanyi kazi, na sababu yake inauma.

Sababu ni kicheko. Mwalimu anamwekea mtoto kipaza sauti mdomoni, mtoto anasema kwa moyo wake wote kile anachofikiri juu ya Mungu, na watu wazima 200 wanacheka. Wanacheka kwa upendo. Mtoto hajui hilo. Anachojua ni kwamba alisema jambo la kweli na wakubwa wakamcheka, na Jumapili inayofuata atakuwa nyuma ya mguu wa mama yake. Wengine hujifunza kinyume: wanatafuta la kuchekesha, na neno la watoto linageuka maonyesho. Kama unataka kuuliza mbele ya ibada, usitumie kipaza sauti kwa watoto. Inama, sikia, kisha rudia jibu kwa kusanyiko kwa sauti ya heshima: "Neema anasema Mungu hakuchoka kumwita." Kusanyiko litafuata sauti yako.

Igizo: wafundishe kusimama kabla ya kuwafundisha kucheza

Igizo lina nguvu ambayo hadithi haina: mwili unakumbuka. Lakini linahitaji watu wazima watatu, yaani anayesimulia, anayeongoza watoto, na anayeangalia pembeni. Ukiwa peke yako, lipunguze liwe igizo la sauti. Chagua maneno manne katika andiko na umpe kila neno sauti au ishara yake. Upepo wanapuliza, mawimbi wanapiga mapaja, na kadhalika. Manne tu. Yakifika saba, kusanyiko linasikiliza maneno na kuacha habari.

Tufani ya Marko 4 ndiyo inayotoka vizuri. Unahitaji kitambaa chepesi cha bluu cha mita 3 kwa 4, au mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Watoto 12 hadi 16 wanashika pindo, wakubwa kwenye pembe, wadogo katikati ya pande. Kabla ya kuanza habari, fanya zoezi hili: mawimbi madogo, mawimbi makubwa, kisha ukinyanyua mkono wote wanashusha kitambaa hadi sakafuni na kukaa. Rudia zoezi la kusimama mara tatu. Wengi hufundisha mawimbi na kusahau kusimama, na hapo ndipo mchezo unapoharibika: Yesu anasema "Nyamaza, utulie," na bahari inaendelea kuruka huku mwalimu akipiga kelele watulie. Habari yote ya andiko hilo iko kwenye kile kimya cha ghafla. Ukikipata, hata sekunde tano, huhitaji kuhubiri. Usimweke mtoto juu ya kitambaa wala chini yake.

Katika kugawa nafasi, angalia mambo haya. Usimchague mtoto mfupi kuliko wote awe Zakayo. Atabaki na jina hilo. Mpe nafasi hiyo kijana mrefu apige magoti. Watoto wanaelewa vizuri zaidi na hakuna anayeumia. Usimpe mtoto mmoja nafasi ya mwovu peke yake; wape watatu kwa pamoja. Nafasi ya Yesu ni bora ibaki kwa msimulizi kama sauti, maana mtoto anayepewa huganda, na wenzake humtania wiki nzima.

Yeriko katika Yoshua 6 inapendwa kwa kuzunguka kanisa kwa kelele na furaha. Kuzunguka mara saba kunatosha kwa watoto wa miaka 6. Mwalimu ajue tu kwamba sura inaendelea na kuangamizwa kwa mji, na watoto wa miaka 10 watauliza. Uwe na jibu, au chagua andiko lingine.

Watoto wanaosumbuliwa na kelele, wakiwemo wengi walio na usonji, waambiwe mapema kitakachotokea na wapewe kazi yenye umbali: kushika taa, kuhesabu, kunyanyua mkono wa ishara. Wengi hufanya kazi hiyo kwa usahihi kuliko yeyote.

Kazi ya mikono: ya darasani si ya kwenye viti

Hizi ni kazi mbili tofauti na huchanganywa. Ya darasani inaweza kuwa na mkasi na gundi. Ya kwenye viti wakati wa mahubiri lazima iwe kimya, iwe ya mtoto mmoja, na isimwage.

Darasani, kazi bora inarudia hadithi kwa mikono badala ya kutengeneza pambo. Kijitabu cha kurasa 8 kutoka karatasi moja ya A4 kinafaa karibu kila habari. Kunja karatasi katikati kwa urefu, fungua. Kunja katikati kwa upana, kisha kila nusu tena hadi kwenye mkunjo wa kati, fungua: una visanduku 8. Ikunje tena katikati kwa upana, na kutoka upande uliokunjwa kata kwenye mstari wa kati hadi mkunjo unaofuata tu. Fungua, kunja kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane. Mkato unafunguka kama mdomo na kurasa zinajipanga. Ukikata kupita mkunjo, karatasi inagawanyika vipande viwili na mtoto analia, kwa hiyo kwa walio chini ya miaka 7 kata nyumbani. Michoro ifanywe baada ya kukunja. Ukichapa kabla bila mpangilio, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Habari ya Samweli inaingia bila kubanwa: jalada, taa, miito mitatu, Eli anaelewa, Samweli anajibu, na ukurasa wa mwisho mtupu ambao mtoto anaujaza mwenyewe.

Andaa theluthi zaidi ya idadi unayotarajia: watoto 30, vijitabu 40. Wageni huja, na karatasi huchanika. Tumia gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunja karatasi na haikauki kabla ya wazazi kufika, kwa hiyo kazi inafika nyumbani imeshikamana na nguo. Na ukijikuta unarekebisha kazi ya mtoto ili ipendeze, acha. Vijitabu 30 vinavyofanana vyote ni vijitabu vya mwalimu.

Kwa viti, mfuko wa kimya uwe wa kitambaa. Mifuko ya plastiki huchakarika katikati ya maombi. Ndani weka kadibodi ya A5 ya kuegemea, krayoni nne nene, kadi yenye matundu na kamba ya kiatu ya kupitisha, na karatasi ya kusikiliza. Kalamu za wino zenye vifuniko ziache: vifuniko huanguka, na vidogo huishia midomoni. Krayoni za mviringo huviringika chini ya viti hadi mbele ya madhabahu. Za pembe tatu hazitoki.

Karatasi ya kusikiliza ni chombo chenye thamani kuliko picha za kupaka rangi, kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea. Muulize mhubiri kufikia Ijumaa maneno matatu atakayoyataja angalau mara tatu kila moja. Chora safu tatu za visanduku, mtoto anaweka alama kila anaposikia neno. Chini yake acha nafasi ya mchoro na mstari mmoja: "Swali ninalotaka kumuuliza mchungaji." Mhubiri akibadili somo bila kusema, watoto watakaa nusu saa wakisubiri neno lisilokuja, na wiki ijayo hawataichukua karatasi. Mhubiri anayejua kwamba watoto wanahesabu maneno yake huanza kuwaangalia, na hilo ni zuri kwa kila mtu.

Kuchagua kulingana na mazingira

Watoto wachache wa umri mchanganyiko, tuseme watano kuanzia miaka 3 hadi 13: hadithi, na mkubwa apewe kibwagizo cha kuongoza. Kundi kubwa la zaidi ya 50: igizo la sauti, maana kitu kidogo kuliko ukurasa wa A4 hakionekani kupita safu chache za mbele. Siku ya ubatizo au ya meza ya Bwana, usilete kifaa chochote kutoka nyumbani. Maji yapo, mkate upo, kikombe kipo. Katika Kutoka 12:26 watoto wanauliza ibada hii ina maana gani, na jibu linatolewa palepale. Fanya hivyo hivyo, huku watoto wamesogezwa mahali wanapoona.

Majira yenye Jumapili mfululizo, kama zile nne za Majilio kabla ya Krismasi au zile za Kwaresima, yanafaa kazi ya mikono inayokua wiki hadi wiki. Kitambaa cha zambarau kilichopo madhabahuni kinaweza kuwa swali la kwanza: kwa nini rangi imebadilika? Usitumie mlolongo huo pale ambapo nusu ya watoto huja wiki moja na kukosa inayofuata. Kila somo lisimame peke yake.

Kwa njia zote nne mambo ya usalama hayabadiliki. Wawepo watu wazima wawili muda wote, na mlango ubaki wazi au uwe na kioo. Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la ndani la karatasi ya chooni kisiwe karibu na walio chini ya miaka 3, wakiwemo wadogo wanaotambaa kutoka kwa wazazi. Mshumaa ushikwe na mtu mzima tu. Watoto wapewe taa ya betri. Chakula kisitolewe kabla wazazi hawajaulizwa kuhusu mzio.

Na ikitokea asubuhi ya ibada unaambiwa mwalimu aliyepangwa anaumwa, una dakika kumi, huna karatasi wala kitambaa, fungua 2 Wafalme 5. Kumbuka mambo matatu: Naamani anaumwa ukoma, anakasirika kwa kuambiwa akaoge Yordani, watumishi wake wanamsihi aende. Waambie watoto wasimame. Kila anapozama, wote wanachuchumaa na kuinuka huku wakihesabu, na kila wakiinuka uliza, "Amepona?" Wajibu, "Bado!" Polepole, hadi sita. Kwa ya saba wachuchumae na kukaa pale chini kimya, uhesabu moyoni hadi tatu, kisha uwainue taratibu na useme: "Ngozi yake ikawa kama ya mtoto mdogo." Wapungie mkono warudi kwa wazazi wao.